Ndege za kampuni, mizigo ya jeshi: nini kikodishwe, nini kibaki kambini

Tarehe 29 Aprili 2013, Boeing 747 ya mizigo ya National Airlines iliondoka Bagram, Afghanistan, kuelekea Dubai ikiwa imebeba magari matano ya deraya ya jeshi la Marekani: mawili ya tani 12 na matatu ya tani 18. Mara tu ilipoacha ardhi, gari la nyuma lilichomoka, likatoboa ukuta wa nyuma wa sehemu ya mizigo, likaharibu mifumo miwili ya haidroliki na mtambo unaosogeza bawa la mkia. Pua ikapanda, mwendo ukaisha, ndege ikaanguka. Watu wote saba waliokuwamo walifariki.

Ripoti ya NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ilitoka mwaka 2015, nayo haikumtupia lawama rubani. Mwongozo wa kampuni wa kufunga mizigo ulikuwa umeacha maelezo muhimu ya mtengenezaji wa ndege na ya mtengenezaji wa mfumo wa sakafu. Aliyesimamia ufungaji hakutakiwa na sheria kuwa na cheti chochote cha mamlaka ya anga. Yeyote anayepima swali la kuzikabidhi kampuni usafiri wa anga wa kijeshi aanzie hapo, kwa sababu tatizo la Bagram linaweza kupigiwa hesabu kwenye karatasi.

Gari la tani 18 za Kimarekani ni kilo 16,300 hivi. Kanuni ya upakiaji wa ndege za kijeshi kama C-17 na C-130 inataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na mara 3 ya uzito wake, na kurudi nyuma kwa mara 1.5. Kurudi nyuma peke yake ni kilo 24,500. Mkanda wa kawaida wa jeshi, CGU-1/B, una uwezo wa ratili 5,000, yaani kilo 2,268. Lakini mkanda hauvuti ulalo mtupu. Ukipanda nyuzi 45 kutoka sakafuni na kwenda kando nyuzi 45, unabakiwa na nusu tu ya nguvu yake katika mwelekeo unaoutaka, kilo 1,134. Basi unahitaji mikanda 22 kuzuia gari lisirudi nyuma na 44 lisiende mbele. Hiyo ni mikanda 66 kwa gari moja! Ukitumia minyororo ya ratili 25,000 iliyofungwa kwenye pete za sakafu ya C-17 zenye uwezo huohuo, unahitaji 5 kwa nyuma na 9 kwa mbele. Na kwa kuwa hufungwa kwa jozi, kushoto na kulia, zinakuwa 6 na 10, jumla 16. Ndani ya 747 ile magari yalikaa juu ya paleti, majukwaa bapa ya kupakilia mizigo, zilizowekwa katikati ya sakafu, zisizoshikwa na kufuli za pembeni, na kilichoyashikilia ni mikanda peke yake.

Wanaotetea kampuni wana hoja nzito, na si haki kuipuuza kwa ajili ya ajali moja. Sehemu kubwa ya mizigo ya jeshi si magari ya deraya. Ni chakula, matairi, dawa, mahema na askari wenyewe, vitu ambavyo ndege ya kiraia huvibeba mbali zaidi kwa gharama ndogo kwa kila tani. C-17 imejengwa itue kwenye njia fupi na ishushe mzigo kwa rampu yake. Kuipeleka na katoni za maji kwenye uwanja mkubwa wenye lami safi ni kuchakaza chombo kisichotengenezwa tena. Kiwanda chake cha Long Beach, Marekani, kilifunga uzalishaji mwaka 2015, baada ya ndege 279.

Mpango wa Marekani uitwao CRAF umejengwa juu ya mantiki hiyo. Mashirika huahidi ndege zao kwa wakati wa dharura, na malipo yake ni kupewa kazi za serikali wakati wa amani. Agosti 2021, Kabul ilipoanguka, ndege 18 za mashirika ziliitwa. Hazikutua Kabul. Zilibeba watu kutoka vituo vya kati, huku C-17 zikiingia na kutoka mjini. Mojawapo ilibeba watu 823 kwa safari moja. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaouona sahihi: kampuni kwenye njia ndefu iliyo salama, jeshi kwenye kilomita za mwisho.

Ila mgawanyo huo una gharama ambayo huwa haionekani kwenye bei ya zabuni. Sakafu kuu ya 747 iko karibu mita 5 juu ya ardhi. Foklifti haifiki. Inahitajika mashine ya kupandisha mizigo kama Tunner ya jeshi la Marekani, inayobeba paleti 6 au tani 27 na kupanda hadi mita 5.6. Kama uwanja hauna mashine hiyo, au ipo lakini pampu yake ya haidroliki imekufa, ndege iliyokodiwa kwa bei nafuu hukaa imejaa huku saa za mkataba zikihesabiwa. Paleti nazo zina mambo yake. Ile ya kijeshi, ya mfumo wa 463L, ina upana wa mita 2.24 na urefu wa mita 2.74, pete 22 pembeni, na hubeba hadi kilo 4,536. Ni mbao laini za balsa zilizofunikwa kwa bati la alumini. Ikilazwa ardhini bila magogo matatu chini yake, au uma wa foklifti ukitoboa bati, maji huingia kwenye balsa, uzito huongezeka na tabaka huachana. Ukingo ukipinda, kufuli za ndege hazishiki. Katika mikataba mingi ya huduma nani alipe paleti iliyooza ni swali linaloachwa hewani, na matokeo yake hakuna anayeikagua.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Machi 2008 ilitia saini na kampuni ya AirTanker mkataba wa miaka 27 wenye thamani ya pauni bilioni 10.5, kwa ndege 14 za Airbus A330, zinazoitwa Voyager, za kujaza mafuta angani na kubeba askari. Ndege ni za kampuni; jeshi hulipia huduma. Tisa ziko kazini muda wote, tano ni za akiba, na za akiba zinaweza kutafuta riziki: mwaka 2015 moja ilikodishwa kwa Thomas Cook kubeba watalii. Kwa upande wa upatikanaji wa ndege, mpango huu umefanya kazi.

Udhaifu ulikaa kwenye orodha ya mahitaji. Ofisi ya ukaguzi ya taifa ilieleza mwaka 2010 kwamba ndege zilikuwa zimeagizwa bila kinga kamili ya kuingia maeneo ya hatari kama Afghanistan. Tena, Voyager hujaza mafuta kwa bomba laini lenye kikapu mwishoni tu. C-17 na P-8 (ndege za doria ya baharini) za Uingereza yenyewe hupokea kwa bomba gumu, kwa hiyo haziwezi kujazwa na ndege hizo. Jeshi linalomiliki ndege hupeleka karakana likarekebishe. Jeshi linalolipia huduma hulazimika kwanza kufungua mkataba upya, na mbele yake yumo mtu mmoja tu wa kupatana naye bei.

Hatari nyingine ni uraia wa muuzaji. Kuanzia 2006 nchi za NATO zilikodi An-124, ndege kubwa za mizigo zilizoundwa na Antonov, zilizowekwa Leipzig, Ujerumani, kupitia mpango wa SALIS, kutoka Volga-Dnepr ya Urusi na Antonov ya Ukraine. Hakuna ndege nyingine sokoni inayobeba tani 120 na kuinama ili pua yake ipokee mzigo. Volga-Dnepr ilijiondoa mwishoni mwa 2018, na Februari 2022 vita vilifika Hostomel, uwanja wa nyumbani wa Antonov, na kuiteketeza An-225, ndege yake kubwa kuliko zote. Ndege zilizosalia sasa zinaendeshwa kutoka Leipzig, na injini zake, D-18T, zinatoka Zaporizhzhia, mji ulio karibu na mstari wa mapigano.

Kwa majeshi ya kwetu hesabu hubadilika. Kenya ilinunua ndege tatu za mizigo aina ya C-27J kuchukua nafasi ya ndege zake za zamani za Buffalo. Kwa ndege tatu, moja ikiwa kwenye ukaguzi mkubwa na nyingine ikisubiri kipuri, unabaki na moja. Kujaza ghala kwa injini na propela za akiba hakulipi, na hapa naegemea kampuni bila kusita: ni afadhali kulipia haki ya kuchota kwenye akiba ya pamoja ya mtengenezaji. Sharti ni kwamba mafundi wa jeshi wabaki na kazi za kila siku, yaani kubadili matairi, breki, pampu na vifaa vya kielektroniki, na nyaraka za kiufundi ziwe mikononi mwao kisheria.

Umoja wa Mataifa nchini Kongo hukodi kwa kiwango cha kudumu pamoja na malipo ya saa za kuruka. Utaratibu huo humpa mwenye ndege uhakika. Lakini malipo ya kudumu bila kipimo kizuri cha utayari hulipia ndege iliyoegeshwa. Ndege ambayo injini zinawaka lakini kufuli tatu za reli ya mizigo hazifungi, ni tayari au si tayari? Kampuni itasema tayari, kwa kuwa inaruka. Kwa aliyeikodi kubeba mizigo, si tayari, na jibu hilo lisipoandikwa kabla ya saini, mwenye ndege ndiye atakayeliandika.

Sehemu ninayokataa kabisa kuikabidhi ni saini ya mwisho ya mzigo. Askari mwenye mafunzo ya upakiaji, asiyelipwa na kampuni, ahesabu mikanda, apime pembe zake, alinganishe na mwongozo wa mtengenezaji, na awe na mamlaka ya kuzuia ndege bila jeshi kutozwa faini ya kuchelewa. Vilevile, kila ndege inapotua njiani mzigo ukaguliwe upya kabla ya kuruka tena. Kinasa sauti cha ile 747 kilionyesha kwamba wahudumu walipokuwa Bagram walijua kuna mkanda uliokatika kwenye safari iliyotangulia kutoka Camp Bastion, kambi nyingine ya Afghanistan. Waliuzungumzia, kisha wakaondoka.