Ada ya Mabango Kigoma-Ujiji: Ukuta wa Duka Unamsemea Nani?

Ukipanda kutoka stesheni ya reli ya Kigoma kuelekea Mwanga, jaribu kusoma majina ya wenye maduka ukiwa ng'ambo ya barabara. Utayapata machache. Kinachosomeka bila taabu ni majina ya kampuni za simu, soda, saruji na rangi, yameenea kutoka kwenye msingi hadi chini ya bati. Jina la mwenye duka limebanwa juu ya mlango, na mara nyingine halipo kabisa.

Mjadala wa ada ya mabango, yaani malipo ya kila mwaka kwa maandishi ya biashara na matangazo yanayoonekana nje, huendeshwa kana kwamba una pande mbili tu: halmashauri inayotafuta mapato, na mfanyabiashara mdogo anayelalamika kwamba analipishwa hata kwa kuandika jina lake. Pande zote mbili zina hoja, na nitazipima. Lakini yuko wa tatu ambaye hatajwi sana, naye ndiye mwenye maandishi makubwa kuliko wote.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Manispaa haitungi kanuni za mabango kwa kujisikia tu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, zote za mwaka 1982, zinaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huhitaji idhini ya waziri na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo wananchi hutakiwa kupewa taarifa ili mwenye pingamizi alipeleke. Taarifa ya namna hiyo kwa kawaida hubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye siku yake huanza alfajiri mwaloni, hana sababu ya kupita hapo.

Mwaka 2017 mambo yaliongezeka ugumu. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliikabidhi TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kazi ya kukusanya ada ya mabango pamoja na kodi ya majengo. Mwaka huohuo ikaanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikachukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Anayeandika kanuni, anayepokea fedha na anayesimamia barabara ambayo bango limesimama kando yake wakawa watu watatu tofauti. Kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, mwaka 2021. Bango halina mita ya umeme, kwa hiyo bado linahitaji mtu aje na futi kamba.

Wanaotetea kanuni kali wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki, na hoja hiyo ni ya usalama. Kigoma ni mji wa miteremko na kona. Bango lililosimikwa kwenye makutano linamziba dereva wa bodaboda anayeteremka na mwanafunzi anayevuka. Nguzo ya chuma nyembamba iliyochomelewa haraka na kuzikwa futi moja ardhini haiwezi kuhimili upepo wa ziwani unaotangulia mvua, na ikidondoka haichagui inamdondokea nani. Anayesimamisha bango kubwa juu ya njia ya watu anapaswa kuonyesha limejengwaje, na halmashauri inapaswa kuwa na fundi wa kulikagua. Hapo sioni cha kubishania, isipokuwa kwamba ada nyingi hulipwa bila fundi yeyote kuonekana.

Hoja ya mapato nayo si ya kubeza, ingawa hutolewa vibaya. Mji unazoa taka, unawasha taa za barabarani, unatengeneza mitaro, na anayetumia macho ya wapita njia kujitangaza anafaidika na vyote hivyo. Ni haki achangie. Tatizo liko kwenye kipimo. Ada zetu zimezoea kupimwa kwa ukubwa wa eneo, na bango lenye taa likilipa zaidi. Futi kamba haijui kama ubao ule unasema "Fundi cherehani, ingia ndani" au unatangaza bidhaa iliyotengenezwa Dar es Salaam.

Kwa fundi cherehani wa Katubuka, kibao si anasa. Mwaka 2022 Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi kabla ya Sensa, mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Kazi nzuri. Hata hivyo, ukimpigia mtu simu akuelekeze kwake, hakutajii namba. Atakwambia ushukie kwenye kibao cha kinyozi, uingie kushoto, upite maabara, uulize. Vibao hivi vinafanya kazi ya umma bila malipo, na mwenyewe anavilipia.

Sasa fuata hesabu ya huyo fundi. Akitaka ubao wa kusomeka kutoka barabarani, atamlipa mchoraji au atachapisha fleksi, kisha atalipa ada kila mwaka kwa kadiri ya ukubwa. Akipunguza ukubwa, ada inapungua na wateja wanapungua. Wakati huohuo anakuja wakala wa kampuni kubwa: tutakupakia rangi ukuta mzima bure, tutakuandikia na jina lako pale juu, na mambo ya ada tutayamaliza sisi. Nani atakataa? Mimi nisingekataa. Kwa hiyo kanuni inayotoza kila futi kwa bei moja, hata kama ilitungwa kwa nia ya kupunguza fujo ya maandishi mjini, inamsukuma mwenye duka aitoe nafasi yake kwa mwenye fedha. Majina ya watu wa Kigoma yanapungua ukutani, na rangi za kampuni zinaongezeka.

Upande wa pili utasema hakuna aliyelazimishwa. Ni kweli, na mwenye duka anaweza kupata zaidi ya rangi: friji, mwamvuli, meza mbili. Lakini mara nyingi aliyekubali ni mpangaji wa fremu, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Mpangaji akihama, rangi inabaki. Kampuni ya Tigo ilipobadili jina kuwa Yas mwaka 2024, kila ukuta uliobaki bila kupakwa upya uligeuka tangazo la jina lisilokuwepo sokoni. Afisa akija na futi kamba hapo, amdai nani: mpangaji mpya anayeuza mitumba, mwenye nyumba aliyeko Uvinza, au kampuni? Kanuni isiyojibu swali hilo kwa maandishi humwangukia yule aliye karibu zaidi, na aliye karibu ni muuza mitumba.

Ndiyo maana naona mpaka wa kuchora si kati ya bango kubwa na dogo, bali kati ya maandishi yanayosema kilichomo ndani ya jengo hili na maandishi yanayosema kitu cha mahali pengine. La kwanza lisamehewe ada hadi ukubwa fulani wa kuridhisha, tuseme upana wa mlango wa fremu. La pili lilipiwe lote, na kampuni yenye nembo ndiyo idaiwe.

Kuna pingamizi la maana dhidi ya wazo hili: tunampa afisa kazi ya kusoma. Leo anasoma kujua kama tangazo ni la ndani au la nje. Kesho atasoma kujua kama analipenda. Wamarekani wameligombania jambo hili hadi Mahakama yao ya Juu. Mwaka 2015 iliamuliwa kesi ya kanisa dogo dhidi ya mji wa Gilbert, jimbo la Arizona. Kanisa hilo halikuwa na jengo lake, lilikuwa likihamahama, na lilitegemea vibao kuwaelekeza waumini. Kanuni za mji ziliruhusu kibao cha siasa kifike futi za mraba 32 na cha kutoa maoni futi 20, ila cha kuelekeza watu ibadani kiishie futi 6, tena kiondolewe saa moja baada ya ibada. Majaji wote waliukatalia mji. Kanuni inayomtaka afisa asome ujumbe kwanza ndipo ajue kipimo gani kitumike, walisema walio wengi kati yao, lazima ipite kwenye tundu jembamba sana la katiba.

Mwaka 2022 kesi nyingine kutoka Austin, Texas, iligusa hasa mpaka ninaoupendekeza. Mji ulikuwa ukitofautisha mabango yanayotangaza kilichopo mahali yaliposimama na yanayotangaza vya mahali pengine, na wenye kampuni za mabango walidai huko nako ni kubagua maneno. Majaji 6 dhidi ya 3 waliona la: afisa anasoma ili ajue mahali tu, haupimi ujumbe wenyewe. Hukumu za kule hazitufungi, lakini sisi nasi tuna Ibara ya 18 ya Katiba inayolinda uhuru wa maoni, na hoja yenyewe inasimama bila kujali imetoka wapi.

Ugumu unabaki kwenye duka la Mangi, yaani Mchaga, au la Mha wa hapahapa Kigoma anayeuza soda kweli. Soda imo ndani, kwa hiyo nembo ya soda ukutani ni ya ndani au ya nje? Ningeimaliza kwa futi kamba ileile: pima jina la mwenye duka, pima nembo ya kampuni. Nembo ikizidi, lote ni tangazo la kampuni na kampuni ilipe. Watakaotaka kukwepa watalazimika kuyakuza majina ya wenye maduka, jambo ambalo halitanisikitisha.

Kuna kero nyingine isiyohusiana na kampuni: hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa hadi meta 30 kila upande kutoka katikati, badala ya meta 22.5 za awali. Kwa mji uliojengwa ukiwa umekumbatia barabara zake, meta 30 zinaweza kumeza ubao, kibaraza na duka lenyewe. Mtu anaweza kuwa na risiti ya ada mkononi na alama ya X ya kubomolewa ukutani kwa wakati mmoja, kwa sababu aliyepokea ada siye anayemiliki hifadhi. Watetezi wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, watasema, kwa haki, kwamba barabara haiwezi kusubiri kila mwenye kibao apatane na kila ofisi. Sawa. Basi mamlaka inayojua kwamba sehemu fulani ni hifadhi isipokee hata senti ya bango lililosimama humo. Kupokea na kisha kung'oa ni kumtoza mtu mara mbili.

Kuhusu sura ya mji, sina shauku kubwa kama baadhi ya wenzangu. Wapo wanaotaka Kigoma na Ujiji ziwe na kanuni za rangi na herufi, wakitolea mfano Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wengine wanataja São Paulo ya Brazil, iliyopiga marufuku matangazo ya nje kuanzia Januari 2007. Mji wa matajiri wa matangazo unaweza kujinyima. Kwetu marufuku ya jumla ingewaumiza wauza vitenge kabla ya kumgusa mwingine. Lakini kuna majengo machache ambayo ningeyalinda bila kusita. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe kilichojengwa kabla ya 1863. Chochote cha baadaye kinahitaji kutangazwa rasmi na waziri. Stesheni ya Wajerumani, ambayo reli iliifikia mwaka 1914, ni changa kwa kipimo hicho. Sheria ndogo ya manispaa inaweza kuziba pengo hilo kwa kifungu kimoja: hakuna kupigilia wala kupaka tangazo kwenye majengo yaliyoorodheshwa. Miembe ningeiongeza kwenye orodha hiyohiyo. Msumari wa inchi nne wa kutangaza chumba cha kupangisha hauna utetezi wowote.

Ninapokuwa mkali zaidi kuliko wenzangu ni kwenye mabango yaliyokufa. Fuata barabara ya kwenda Kasulu uone mbao za miradi, kila moja ikiwa na nembo tatu za wafadhili na jina la mradi uliokwisha, nyingine zimeinama, nyingine zimeshaliwa na kutu. Ongeza mabango ya wagombea wa Oktoba 2025 na namba za waganga kwenye nguzo za umeme. Hawa wote walikuwa na fedha za kusimamisha, hawakutenga za kuondoa. Mfanyabiashara anayefunga duka ana udhuru, maana amefilisika. Mradi wenye bajeti iliyokaguliwa hauna. Ningependa kila bango la mradi, kampuni au mgombea lisimame kwa dhamana ya fedha inayorudishwa siku linapoondolewa, na lisipoondolewa ndani ya miezi mitatu dhamana hiyo imlipe kijana wa mtaani atakayeling'oa na kuuza chuma chake.

Watakaopinga watasema dhamana ni urasimu mwingine, na manispaa yenye maafisa wachache haitaweza kufuatilia tarehe za mabango yote. Inawezekana. Lakini maafisa haohao leo wanapata muda wa kupima kibao cha mama lishe.