Masomo ya bure, franga ya komite: nani iko na haki?

Tuanzie hapa, ju hapa njo wazazi wengi wa Lubumbashi tunapotelea. Ukiona musalaba kwenye mulango wa shule, ama jina ya mutakatifu kwenye ukuta, usiseme mara moja "hii ni ya bapere, haiko ya Leta". Shule za konvansione, ikuwe za wakatoliki, waprotestanti, wakimbangu ama waislamu, ni shule za Leta, ni kusema za serikali, zenye dini zinaongoza tu. Serikali ya Mobutu ilizikamata mwaka 1974, ikashindwa kuziendesha, mwaka 1977 ikasaini mapatano na makanisa ili warudilie kuziongoza, lakini kwa sheria zikabakia za Leta na walimu wake ni Leta njo inapashwa kuwalipa. Prive ni kitu ingine kabisa, ni ya mutu ama kikundi, yenye imepewa ruhusa.

Hiyo si kitu kidogo. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure kwenye shule za Leta. Haisemi "isipokuwa zenye iko na padri". Sheria kubwa ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ikarudilia ile ile. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa karatasi tu, hadi Septemba 2019 wakati Raisi Tshisekedi alisema sasa inaanza kweli, na mwaka uliofuata Banki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 za kusaidia. Kwa hiyo kama mutoto wako iko primeri kwenye shule ya konvansione ya komini za hapa Lubumbashi, ikuwe Katuba ama Kenya ama Ruashi, na wanamurudisha nyumbani ju hajaleta franga, wewe hauko unaomba huruma, unadai kitu chenye kiko kwenye Katiba.

Ile njo upande moja, na ni rahisi kuandika. Ngumu inaanza ukiingia ndani ya mukutano.

Mimi niko kwenye komite ya wazazi, ile tunaita COPA, shule siitaji jina. Mukutano wa mwanzo wa mwaka uko hivi: tumekaa kwenye mabanki ya watoto, magoti yanagonga juu, papa direkta anasimama na daftari, anaeleza ya kama kreyi hakuna, mulango wa kalasi ya tatu umevunjika, na kuna walimu wawili wenye Leta haijawalipa hata siku moja. Halafu prezida wa komite anauliza: "Tumeona kila mutoto alete franga 5 000 kila mwezi, ya hiari, nani anakataa anyooshe mukono." Nani atanyoosha? Mama mwenye anauza makala na mutoto wake iko kalasi ya ule mwalimu asiyelipwa, atanyoosha mukono mbele yake? Wanaandika kwenye ripoti kwamba wazazi wote wamekubali. Juma mbili nyuma unaona kwenye daftari ya mutoto, na biki nyekundu: "Muzazi, kumbuka mapatano ya COPA." Wiki ingine, majina inasomwa mbele ya kalasi. Hiari inaishia hapo.

Lakini papa direkta si mwizi, ama tuseme mara nyingi haiko mwizi, na wenye wanamutukana kila siku hawajakaa kwenye kiti yake. Lazima mutu ajue hii mambo ilitokea wapi. Miaka ya 1990, Leta ilipoanguka na mishahara ya walimu ikakuwa haiwezi kununua hata gunia ya bunga, ni wazazi wenyewe, pamoja na makanisa, walikubali kulipa walimu ili watoto wasikae nyumbani. Ile franga ikaitwa primu. Ilikuwa ya muda tu, ikadumu karibu miaka makumi tatu. Na kwenye ile miaka kitu kilijengeka chenye wazazi wengi hawakioni: minervali, ni kusema franga ya masomo yenye muzazi analipa, haikuishia kwa mwalimu, kipande kilikuwa kinapanda kwenye ofisi inayoongoza shule, kwa inspekteri, kwa sudivizio (ofisi ya Leta yenye inasimamia shule za eneo), kila mutu na pursanti yake. Kwa hiyo 2019 ilipofuta malipo ya primeri, haikukata primu ya mwalimu tu, ilikata mufereji wote wenye ulikuwa unanywesha maofisi mpaka juu. Sasa ule inspekteri mwenye anapashwa kuja kuangalia kama shule inalipisha wazazi kwa siri, unafikiri iko na haraka gani?

Halafu walimu. Mwalimu wa mujini, mwenye zamani alikuwa anapata mushahara wa Leta na primu ya wazazi juu yake, bure ilimupunguzia mapato, haikumuongezea. Hapa mujini primu ya shule zingine ilikuwa inapita mushahara wenyewe. Na kuna wale wapya, wenye tunaita N.U., wako na kalasi, wanafundisha kila siku, lakini hawajamekanizwa, jina haijaingia kwenye listi ya malipo, hakuna kitu wanapata. Kwa ule mwalimu, kifungu cha 43 ni sawa na mutu kukaribisha wageni kwenye meza yake na chakula cha jirani. Mugomo pia ni haki, kifungu cha 39 cha ile ile Katiba kinasema hivyo wazi, na tuliona walimu wanaitumia, Oktoba 2021 mpaka wanafunzi wa Kinshasa wakaingia kwenye jengo la bunge kudai walimu warudi kalasini. Haki mbili za Katiba moja zikagongana, na mutoto katikati.

Kuna na sauti ya tatu yenye haipendi kusikilizwa, ni ya wazazi wenye uwezo kidogo. Hao wanasema wazi: mimi nataka kulipa. Kalasi ilijaa ju watoto walihama kutoka prive, wanakaa wane wane kwenye banki moja, mwalimu hawezi hata kusahihisha madaftari, afazali nitoe kitu kidogo mwalimu akae na roho moja. Siwezi kusema wamekosea. Shida yangu na wao ni kwamba wanachagua kwa ajili ya wengine. Mwenye kutaka kulipa, Katiba yenyewe inamupa haki ya kuchagua namna ya masomo ya mutoto wake, na prive ziko mingi hapa mujini, za bei kila aina. Mwenye hana, hana pengine pa kwenda. Sasa ukigeuza shule ya Leta ikuwe prive ya bei ndogo, ule wa pili umemufungia mulango wa mwisho.

Kwa maoni yangu COPA iko na nguvu ya kusimamia, kuuliza hesabu, kusema kwa direkta, hata kuchangisha. Haina nguvu ya kupiga kura ya kufuta haki ya mutoto wa mutu mwingine. Hata wazazi mia wakubali na mumoja akatae, yule mumoja hajavunja kitu. Na namna ya kujua kama muchango ni wa hiari kweli haihitaji avoka: angalia kinachomupata mutoto wa muzazi mwenye hakutoa. Kama anabakia kalasini, jina yake haisomwi, buletini yake anaipata siku moja na wengine, basi changeni, jengeni mulango, nunueni kreyi, na hesabu mubandike kwenye ukuta kila mutu aione. Kama anarudishwa nyumbani, ile haikuwa muchango, ilikuwa minervali yenye imebadilisha nguo.

Na mwalimu mwenye hajalipwa? Deni yake iko kwa Leta. Najua ni rahisi kusema. Lakini kila tunapoifunika na 5 000 za mama wa makala, Leta inapumzika mwaka mwingine, na ule N.U. anabakia N.U. Mimi naona afazali COPA iandike barua pamoja na walimu, na majina ya wasiolipwa na tangu lini, iende sudivizio na kopi kwa ofisi ya dini inayoongoza shule, kuliko kukaa kimya na kuchangishana. Barua peke yake haiwezi kulipa mutu, sawa, lakini direkta mwenye iko na kopi yenye muhuri wa kupokelewa iko na kitu cha kuonyesha siku inspekteri anakuja.

Sekondari ni hadisi ingine, na hapa wazazi tunachanganya mingi. Bure ya Katiba inasema primeri. Sekondari ya Leta inalipisha, na hiyo haivunji Katiba, lakini hailipishi vile prefe, mukubwa wa sekondari, anaamuka: malipo inawekwa kila mwaka na arete, ni kusema amri ya maandishi, ya gavana wa provensi, kwa hiyo kitu chochote chenye hakiko kwenye arete iko na haki ya kuulizwa. Omba kuiona. Omba resi ya kila franga, hata ya elfu moja. Prefe mwenye kazi yake iko safi hatakasirika. Na hata pale malipo ni ya halali, deni ni ya muzazi, haiko ya mutoto, njo maana kumuweka inje ya mulango siku ya mutihani naona ni kukosea mutu mwenye hakusaini kitu.

Kuhusu fimbo nitapita haraka: sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema nizamu ya shule ifuate heshima ya utu wa mutoto, na inahusu prive sawa na Leta. Wenye kusema "sisi tulipigwa na tukakuwa watu" wanaweza kuendelea kusema.

Kitu kingine chenye kinanichokoza: hizi sheria zote ukizitafuta unazipata kwa Kifaransa. Kumbe Katiba, kifungu cha 142, inaamuru serikali izitangaze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya luga ine za taifa, Kiswahili ndani, kwa siku 60 kisha kutiwa saini. Muulize muzazi wa Kampemba kama ameshaona ile ya 2014 kwa Kiswahili.

Sasa, wenye iko na mutoto kalasi ya sita mwaka huu, musikilize. Sheria ya 2014 imeweka masomo ya musingi kuwa miaka nane, ni kusema ya saba na ya nane ziko ndani, njo maana wazazi wengi wanakuja na maneno "bure inaenda mpaka ya nane". Lakini Katiba imeandika primeri, na primeri inaishia ya sita. Ukienda kubishana kwa prefe na ile hoja ya miaka nane, minafikiri utashindwa, hata kama roho yako inasema uko na haki. Kwa hiyo mwezi wa sita, mbele ya kuandikisha, uliza kabisa ya saba inalipa ngapi, inalipwa mara ngapi kwa mwaka, na kwa arete gani.