Diski C haipo, tuanzie hapo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Mwenye kompyuta mpya huenda hata hakushtuka. Ila sisi tunaonunua mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli Avenue tulipigwa pabaya. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane. ThinkPad yenye prosesa ya kizazi cha sita, nzima kabisa, inayofanya kila kazi unayoipa, haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa.

Ndiyo maana wengi sasa wanahamia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usio wa Microsoft. Nami nimehamia Linux Mint, mojawapo ya matoleo yake, na tangu hapo ndugu na majirani huniletea mashine zao niwasaidie. Nimeona namna wahamiaji hawa wanavyopokelewa, na kwa kweli sikubaliani nayo.

Ushauri wanaoupata kwanza ni wa sura. Weka mandhari inayofanana na Windows, badilisha aikoni, panga menyu katikati, hutaona tofauti. Utaiona tu, tena siku hiyo hiyo, mara utakapotaka kuhifadhi faili. Mtu anafungua dirisha akitafuta diski C, haioni. Kwa kuwa kila kitu kingine kinafanana na alikotoka, anadhani mashine imeharibika au kazi zake zimefutwa. Kumpa mtu sura ya zamani juu ya mpangilio mpya ni kumpoteza.

Mpangilio wenyewe unaelezeka kwa dakika chache. Mafaili yote yamo kwenye mti mmoja, na shina lake huandikwa kwa alama ya mkwaju: /. Ndani yake kuna folda iitwayo home, ndani ya home kuna folda yenye jina lako, na humo ndimo zilimo nyaraka zako, picha zako na vitu ulivyopakua. Mipangilio ya mfumo iko etc, na wewe huna haja ya kwenda huko. Ukichomeka flashi, nayo inaunganishwa kwenye mti huo huo, chini ya media. Hakuna herufi D wala E. Ripoti.docx na ripoti.docx ni mafaili mawili tofauti, kwa hiyo chagua mtindo mmoja wa kuandika majina na ubaki nao.

Hapo kwenye flashi ningependa kila mtu akae kidogo. Linux hupenda kushika data kwenye kumbukumbu kwanza, kisha kuiandika kwenye flashi taratibu. Mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho huku sehemu ya faili bado haijafika. Ukichomoa hapo hapo na kukimbilia steshenari kuchapa, unaweza kukuta faili haifunguki. Bofya alama ya kutoa flashi, subiri ujumbe kwamba sasa ni salama, ndipo uchomoe. Hili ni muhimu kuliko mandhari zote duniani, na bado ni nadra kumwona mtu akimwambia mgeni.

Mengine ni mepesi. Programu huzipati kwa kuzurura mtandaoni ukitafuta faili la exe, lile la kusakinisha programu za Windows. Unafungua duka la programu lililomo ndani ya Mint, unatafuta, unasakinisha. Ukiandika nywila kwenye taminali, lile dirisha la kuandikia amri, herufi zenyewe hazitaonekana: Mint kwa kawaida huonesha nyota tu, na kwenye Linux nyingine huenda usione chochote. Kibodi haijafa, endelea kuandika, kisha bonyeza Enter. Na humo taminali Ctrl+C hainakili, inasimamisha programu inayoendelea. Kunakili ni Ctrl+Shift+C.

Kuhusu nyaraka nitasema ukweli, maana wapo wanaomhakikishia mgeni kwamba LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, na Word ni kitu kimoja. Si kweli. Barua ya kawaida iliyoandikwa kwa Calibri kwa kawaida haisogei sana, kwa sababu nafasi yake huchukuliwa na Carlito, fonti yenye vipimo vile vile vya herufi, kama Liberation Serif inavyosimama badala ya Times New Roman. Lakini ripoti yenye majedwali ndani ya majedwali inaweza kuvurugika, kwa hiyo kinachokwenda kuchapwa kitume kikiwa PDF. Na mhasibu ambaye kazi yake yote inategemea makro za Excel, yaani amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe, namwambia abaki alipo.

Kwa nini basi mtu aliyesoma kompyuta, mwenye cheti, apotee kwa kukosa herufi C? Nalaumu mafunzo yetu. Kozi nyingi za mtaani ni Word, Excel, PowerPoint na intaneti, na mwanafunzi hukariri kitufe kilipo. Haambiwi faili ni nini, inakaa wapi, wala kwamba inaweza kuwapo hata kama programu haioneshi. Matokeo yake hatukuyaona kwenye Linux mara ya kwanza. Office 2007 ilipobadilisha menyu zake, watu walipotea. Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start mwaka 2012, wakapotea tena, na hawakuwa wamehama popote.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea flashi yenye vile virusi vya shotikati, ambavyo huficha folda zako na kukuachia vijishale vya kubofya. Kwenye Windows alikuwa akiona vijishale tu, akaamini mitihani yake imepotea. Tulipoichomeka kwenye Mint, folda zilikuwepo zote na mafaili yake ndani, kwa sababu dirisha la mafaili la Mint halikufuata ile alama ya Windows ya kuficha. Vijishale navyo vilikuwepo, ila havikuwa na la kufanya pale. Alinyamaza, akafungua moja baada ya jingine. Kisha akaniuliza swali ambalo angepaswa kufundishwa siku ya kwanza ya kozi yake: kumbe kijishale na faili lenyewe ni vitu viwili?

Sasa mtu akija na mashine yake, mandhari hatugusi. Nanakili kazi zake pembeni kwanza, kisha tunawasha Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Tunajaribu Wi-Fi, sauti, na printa anayoitumia kazini. Halafu yeye mwenyewe, mkono wangu ukiwa mbali na kipanya, anatengeneza folda, anahifadhi barua ndani yake, anainakili kwenye flashi nyingine, anaitoa kwa utaratibu, anaichomeka upya na kuitafuta barua yake kuanzia kwenye shina. Akiipata bila kuniuliza, tunasakinisha. Printa ikigoma, Windows yake inabaki kwanza, na jioni hiyo tunaitumia kutafuta draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa hiyo.