Timu ya densi au shahada ya densi?

Mpwa wangu anamaliza sekondari mwaka huu huku Marekani, na nyumbani kwa dada yangu mjadala ni mmoja. Akifika chuoni asomee densi, au asomee kitu kingine na kucheza kwenye timu ya chuo? Dada amekwishaamua: timu ruksa, shahada ya densi ni kutupa ada. Hofu yake naielewa, lakini hesabu yake ina kasoro.

Timu si jambo la kupitisha jioni. Msimu mzima inacheza densi kwenye mechi za kikapu na futiboli ya Kimarekani, na kila Januari timu nyingi hukutana Orlando, Florida, kwa mashindano ya taifa ya UDA, chama cha timu za densi (Universal Dance Association). Miezi yote ya mazoezi huishia kwenye dakika mbili jukwaani. Kundi zima huzunguka kwa mguu mmoja, kidevu cha kila mtu kikigeuka kwa pamoja; mmoja akichelewa, waamuzi wameshaona. Nimemkuta mpwa wangu akirudia mzunguko huo jikoni, soksi zikiteleza kwenye vigae, akihesabu moja hadi nane na kuanza upya, mpaka mama yake akapaza sauti kwamba wali unaungua.

Saa hizo ndizo dada asizozihesabu. NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo, haina ubingwa wa densi, kwa hiyo ufadhili wa aina ile wanayopata wachezaji wa kikapu mcheza densi asiutegemee. Tena hatima ya timu iko mikononi mwa wakubwa wa chuo. Timu ya Louisiana State haikupelekwa mashindanoni mwaka 2021. Mwaka 2022 ikarudi na kutwaa ubingwa wa hip hop. Niliitazama video ile mara nyingi, na undugu wa wasichana wale darasa haliwezi kuutoa. Hilo nalikubali kwa moyo wote.

Shahada nayo ina historia yake. Ya kwanza Marekani ilianzishwa mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Wisconsin na Margaret H'Doubler, mwalimu wa elimu ya viungo, aliyekuwa akifundisha akiwa na kiunzi cha mifupa darasani ili wanafunzi waelewe kwanza kiungo kinavyofanya kazi. Mpaka leo anayesomea densi husoma mwili, historia na utunzi, na mwishowe hutunga kazi yake mwenyewe na kuwafundisha wenzake waicheze. Kwangu tofauti kubwa iko hapo. Timu inakutaka ufanane na aliye kando yako. Darasa linakuuliza wewe una lipi la kusema.

Ila dada hajakosea kote. Shahada ya BFA, ile ya sanaa iliyojikita kwenye densi yenyewe, humeza karibu theluthi mbili ya masomo, na Juilliard, chuo maarufu cha sanaa cha New York, huchukua wanafunzi wapya wapatao 24 tu kwa mwaka. Ukienda kwenye usaili wa kampuni ya densi, cheti hakiulizwi, unatazamwa unavyocheza. Ndiyo maana mimi napendelea BA, shahada ya kawaida isiyobana hivyo, inayoacha nafasi ya somo la pili, iwe ualimu, tiba ya viungo au uhasibu. Akiwa na BA ya densi pamoja na uhasibu, saa zake za jasho zitakuwa zimeingia kwenye shahada, na dada atalala.

"Mjomba, mimi nataka vyote viwili," akaniambia.

Wapo wanaoweza. Lakini asubuhi ni darasa la mbinu, usiku ni mazoezi ya timu, na goti ni lile lile. Nikamshauri mwaka wa kwanza aanze na darasa, usaili wa timu aufanye wa pili, na kila chuo akiulize swali moja kabla ya kuomba: mwanafunzi wa densi akiumia, anatibiwa na nani? Timu zilizo chini ya idara ya michezo mara nyingi huwa na mtaalamu wa majeraha karibu. Wanafunzi wa idara ya densi si kila mahali wanaye. Akachukua kalamu, akaliandika juu kabisa ya orodha yake ya vyuo vitano.