Kijiji cha Saadani kimewakosea nini watalii?

Jirani yangu hapa Bagamoyo alirudi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Saadani amenuna. Twiga aliwaona, kuro aliwaona, na viboko wa Mto Wami walimfurahisha. Kilichomkera ni kijiji: nyavu zimeanikwa, kuku wanachakura, watoto wanacheza mpira, na pande zote ni hifadhi. "Wangewahamisha tu," akasema. Maneno hayo nimeyasikia kwa wengi, tena watu wanaopenda wanyama kwa dhati.

Hofu yao naielewa. Kasa wa kijani hupanda ufuko wa Madete usiku kutaga, na mtu mmoja mwenye jembe anaweza kufukua kiota kizima kabla hakujapambazuka. Mikoko ya mlango wa Wami ndiko kamba wachanga wanakokulia, kwa hiyo anayeikata kwa kuni anajikatia kitoweo chake mwenyewe. Sheria kali katika mambo hayo mawili naiunga mkono bila kusita.

Lakini kuwahamisha watu? Saadani ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na hata pori la akiba lililoitangulia ni la miaka ya 1960. Kijiji kilikuwepo zamani sana kabla ya hapo, na kilikuwa bandari ya misafara iliyoshindana na Bagamoyo yetu kwa pembe za ndovu na, kwa majonzi, kwa watumwa.

Jambo ambalo halinitoki kichwani ni ndorobo. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alikata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite, wapagazi wapumzike. Wamisionari waliojaribu usafiri huo waliwaona ng'ombe wao wakifa njiani kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na ndorobo. Miaka ya 1950 ikaanzishwa ranchi kubwa ya ng'ombe Mkwaja, upande wa kaskazini. Ilihangaika na dawa za nagana miaka nenda rudi, hadi ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa hifadhini. Mara mbili nchi hii imekataa ng'ombe. Wenyeji walilijua hilo bila kuambiwa na mtaalamu, maisha yao wakayaelekeza baharini, kwenye samaki na kamba. Pori likabaki pori. Sasa tunakuja kulitazama, tunapiga picha, halafu tunauliza hawa watu wanafanya nini hapa!

Na damu yao imo katika mchanga ule. Mwaka 1889, Bwana Heri, mtawala wa Saadani, alipowakatalia Wajerumani, mji ulipigwa mizinga ya manowari ukatekwa. Yeye aliendelea kupigana bara hadi 1890. Mgeni akipelekwa moja kwa moja kutafuta simba bila kuoneshwa mahali hapo, ameiona nusu tu ya Saadani, na nusu hiyo hata Mikumi ataipata.

Watu wa hifadhi watasema kijiji kikiachwa kitapanuka. Kinaweza, na ndiyo maana mipaka iliyokubaliwa na pande zote mbili ni lazima. Kitongoji cha Uvinje kimevutana na hifadhi kwa miaka mingi juu ya ardhi, na mvutano wa namna hiyo hauongezi hata kiota kimoja cha kasa. Mvuvi anayejua nyumba yake ni yake ana sababu ya kumkamata mfukua mayai. Anayengoja kufukuzwa, ataharibu siku nzima kwenda kuripoti kwa faida ya nani?

Jirani yangu nimemwomba arudi, safari hii ashuke garini asubuhi ngalawa zinapoingia na kamba. Awanunue pale pale mchangani kwa yule aliyewavua, na amwombe mzee yeyote aliyeko pwani amwoneshe misafara ilikuwa ikianzia wapi.