Raia wa nchi mbili, jinsia mbili kwenye karatasi

Tarehe 4 Oktoba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika kesi iitwayo Mirin, namba C-4/23. Mlalamikaji alizaliwa Romania mwaka 1992 na kuandikishwa kuwa mwanamke. Mwaka 2008 akahamia Uingereza, na mwaka 2016 akapata uraia wa huko bila kuacha ule wa Romania. Mwaka uliofuata akabadili jina kwa hati ya kisheria, na mwaka 2020 akapewa cheti kinachomtambua kuwa mwanamume. Mei 2021 akaiomba Romania irekebishe cheti chake cha kuzaliwa na kumpa namba mpya ya utambulisho. Akakataliwa: sheria ilimtaka afungue shauri upya mbele ya majaji wa Romania.

Namba hiyo si jambo dogo. Tarakimu yake ya kwanza hutaja jinsia: kwa waliozaliwa kati ya 1900 na 1999, 1 ni mwanamume na 2 ni mwanamke. Jina na picha vinaweza kubadilika, lakini kila anayeisoma namba, awe karani wa benki au askari wa mpakani, atajua mwenye namba aliandikishwa kuwa wa jinsia gani.

Romania ilikuwa na hoja. Daftari la vizazi ndilo mzizi wa nyaraka nyingine zote, na kila dola hupenda kulilinda. Kama cheti cha nje kinatosha, yeyote mwenye nauli na uraia wa pili atawakwepa majaji wa nyumbani, na asiye navyo abaki kwenye foleni. (Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, ingawa haitajwi sana.) Isitoshe, Mkataba wa The Hague wa 1930 unairuhusu kila nchi kumhesabu mwenye uraia pacha kuwa raia wake, hata kama nchi nyingine nayo inamhesabu hivyo.

Tatizo ni huo mlango alioelekezwa. Januari 2021, miezi michache kabla ya ombi lake, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo si ile ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya X na Y dhidi ya Romania, ilikwisha kuamua kwamba utaratibu wa nchi hiyo wa kutambua mabadiliko ya jinsia hauko wazi wala hautabiriki. Nchi inayosema "fuata njia yetu" inapaswa kwanza kuwa na njia.

Majaji wa Umoja wa Ulaya waliamua kwamba Romania haiwezi kukataa kuyatambua mabadiliko hayo, wakiegemea haki ya raia kwenda na kuishi popote ndani ya umoja huo. Msingi ulikuwepo tangu 2003, walipoamua katika kesi ya Garcia Avello kwamba Ubelgiji haikuwa na haki ya kukataa kubadili majina ya ukoo ya watoto wenye uraia wa Ubelgiji na Hispania, ili yafuate desturi ya Hispania. Mirin imeisogeza hoja hiyo kutoka jina hadi jinsia. Lakini hukumu ina mipaka yake. Cheti cha Uingereza kilipatikana kabla ya tarehe 31 Desemba 2020, ulipoisha muda wa mpito wa Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika umoja huo, na mahakama ilikitazama kama hatua iliyochukuliwa wakati sheria ya umoja bado inatumika. Athari zake kwa ndoa na uzazi hazikuamuliwa.

Kwa Mkenya aliyepata pasipoti ya Uingereza, hukumu hii haimvushi popote. Ibara ya 16 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia raia wa Kenya kwa kuzaliwa kwamba hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, lakini hakuna mahakama juu ya Nairobi na London inayoweza kuzilazimisha zikubaliane. Jina analibadilisha Kenya kwa hati ya kisheria inayosajiliwa. Jinsia haina sheria mahususi ya namna hiyo. Mwaka 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda (aliyeandikishwa mwanamume alipozaliwa), cheti chenye jina lake jipya, kisichotaja jinsia. Ulikuwa ushindi, ila ulihusu cheti cha shule.

Hivyo transjenda mwenye nchi hizi mbili anaweza kulinganisha majina, na ni busara aanze hapo, maana ofisi ya pasipoti ya Uingereza hutaka jina lifanane na lililo kwenye pasipoti ya nchi nyingine. Jinsia itabaki tofauti kwenye karatasi zake mpaka Bunge la Kenya litunge sheria.