Hesabu zilizo kwenye shingo ya gitaa

Aprili 2025 Waziri wa Elimu wa Kenya Julius Ogamba alitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu. Waliochagua mkondo wa Sanaa na Michezo walitengewa hisabati nyepesi kuliko ya wenzao wa sayansi. Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari pevu, ilianza mwaka 2026, na huku Kisumu swali limebaki kwa walimu: kijana anayetaka kuwa mpiga gitaa afundishwe hesabu kupitia gitaa hilo, au kila somo libaki na kipindi chake?

Wanaopinga wana hoja nzito. Madarasa yamejaa, silabasi ni ndefu, na mwalimu wa hisabati hakusomea muziki. Tena, ahadi nyingi za jambo hili zimetiwa chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature uliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kikuu muziki wa Mozart kwa dakika 10, wakafanya vyema zaidi katika jaribio la kutambua maumbo. Manufaa hayo yaliisha baada ya takriban robo saa, lakini habari zikaenea kwamba muziki humfanya mtoto kuwa na akili zaidi. Anayewaahidi wazazi kwamba nyimbo zitapandisha alama anawapotosha. Nami nawaunga mkono wanaochukizwa na masomo ya "sanaa na hisabati" ambamo mtoto hupaka pembetatu rangi kipindi kizima. Hapo hajifunzi jiometri, wala hajifunzi kuchora.

Lakini chukua gitaa la benga, muziki uliozaliwa huku Nyanza na ambao ucharazaji wake uliiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mpe mwanafunzi futi ya fundi cherehani apime uzi wenye urefu wa sentimita 65. Akibonyeza freti ya kwanza, yaani kile kipande cha chuma kilichokingama kwenye shingo ya gitaa, sehemu inayolia ni sentimita 61.4 hivi, ya pili, 57.9. Wengi watakisia kwamba kila freti inapunguza kiasi kilekile. Basi waache watoe 3.6 mara 12: watabaki na 21.8. Wakipima freti ya 12 yenyewe watakuta karibu 32.5, nusu kamili ya uzi, na sauti ni ileile ya uzi wazi, ila imepanda oktava moja. Kumbe kila hatua inazidisha urefu uliotangulia kwa takriban 0.944. Tofauti kati ya mfuatano wa kujumlisha na ule wa kuzidisha, ambayo huwasumbua wanafunzi miaka nenda miaka rudi, hapa inapimika kwa mkono na kusikika kwa sikio.

Somo hilo ni hesabu tupu, na muziki haukupunguzwa hadhi ili uifae hisabati. Hicho ndicho kipimo changu: ukiiondoa sanaa na hesabu ikabaki vilevile, sanaa ilikuwa pambo tu.

Kipimo hicho hukataa hata vitu tunavyovienzi. Nyuzi 8 za nyatiti hupigwa wazi bila kubonyezwa, na sauti hutafutwa kwa kuzikaza. Anayeileta darasani kufundisha uwiano wa urefu atawachanganya wanafunzi, maana mkazo una kanuni yake yenye kipeuo cha pili. Nyatiti inastahili somo lake, na mwalimu anayeijua.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka mpango huu uingizwe kila shule kwa waraka mmoja. Gitaa moja na futi si gharama kubwa. Kinachokosekana ni saa ya mwalimu wa hisabati na wa muziki kuketi pamoja kuandaa kipindi, na saa hiyo lazima ihesabiwe kama kazi yao. Ningeanza na shule zenye mwalimu wa muziki, kwa mada mbili au tatu tu kwa muhula, huku nyingine zikiendelea kufundisha hesabu kwa ubao na chaki hadi zipate wa kwao.